Mbwa Ajuaye Shimo

Kiswahili kina methali mbili zinazovutana kamba moja. Ya kwanza, mtoto wa nyoka ni nyoka, inaipa nasaba neno la mwisho: ukitaka kujua mnyama atakuwa wa namna gani, waangalie waliomzaa. Ya pili, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, inalihamisha neno hilo hadi kwa mtu anayetembea na mbwa porini. Mvutano huo umekuwa ukiendelea kwa vizazi katika mashamba ya Uingereza, miongoni mwa watu wanaowinda sungura wa mashimoni kwa fereti. Huko kuna mbwa anayetarajiwa kuonekana pembeni mwa msasi, na kuna wachache wanaotokea na mbwa ambaye majirani humtazama mara mbili: chotara wa bigli na wipeti, mbwa mwenye masikio marefu kutoka visiwa vya Mediterania, mchanganyiko ambao hata jina hauna. Wachache hao huchukuliwa kama watu wa vituko. Mimi naona wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe, na haihusu ladha ya mtu katika mbwa. Kazi yenyewe imebadilika chini ya miguu ya wote, na mbwa anayesifiwa sana alitengenezwa kwa ajili ya kazi ya jana.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kwanza amweke kando sungura wa hadithi zetu. Yule mjanja anayewazidi akili fisi na simba ni mnyama wa juu ya ardhi. Hulala kwenye kitanda cha nyasi, na roho yake iko miguuni. Sungura ninayemzungumzia ni yule tunayemjua vibandani, anayefugwa kwa nyama na kwa watoto kumchezea. Asili yake ni Rasi ya Iberia, ambako anaishi porini kwa kuchimba. Wanormani walimpeleka Uingereza katika karne ya 12, wakamfuga kwenye mabustani ya mashimo yaliyolindwa kama ghala la fedha. Karibu na mji wa Thetford bado limesimama jengo la mawe lililojengwa yapata mwaka 1400 kwa ajili ya mlinzi wa sungura wa watawa, lenye kuta nene za ngome, maana nyama na manyoya vilikuwa na thamani na wezi walikuwa wengi. Fereti naye ni mnyama wa kufugwa, mrefu na mwembamba, wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere, anayeweza kupita popote panapopita kichwa chake. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeishi wakati wa Kaisari Augusto, aliandika kwamba watu wa Iberia walikuwa wakiwatuma mashimoni wanyama wa jamii hiyo waliotoka Libya, wakiwa wamefungwa midomo, ili wawafurushe sungura walioharibu mazao. Ni kazi ya miaka elfu mbili, na kwa kiasi kikubwa bado inafanyika vilevile.

Inafanyika hivi. Msimu ni wa baridi, kwa kawaida kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati majani yamekufa na mashimo yanaonekana, na vitoto ni wachache huko chini. Msasi huifikia jamii ya mashimo kwenye ukingo wa shamba au chini ya ua wa miti, labda matano, labda hamsini. Juu ya kila tundu hutandaza kiwavu cha mfuko kilichofungwa kwenye kigingi. Sungura akitoka mbio, kinajifunga nyuma yake kama mkoba unaovutwa uzi. Mahali penye matundu mengi mno husimamisha wavu mrefu kuzunguka eneo zima, kama wavuvi wanavyolizungusha juya. Ndipo fereti huingizwa, siku hizi akiwa na kola yenye kifaa cha kutoa mawimbi, ili akikwama au akiamua kubaki na windo chini ajulikane alipo na achimbuliwe. Kisha ni kungoja. Wakati mwingine ardhi hutetemeka kwa vishindo vya miguu ya sungura na nyavu hujaa. Wakati mwingine fereti hutoka akijinyoosha, ametembea nyumba isiyo na mwenyewe, na msasi hubaki na nyavu ishirini za kukunja kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Hapo ndipo mbwa anapoingia, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuielewa kazi yake. Mtu wa nje hudhani mbwa yupo ili akimbie: sungura akikwepa wavu, mbwa amkamate. Ni kweli, hilo hutokea, na mbwa mwenye kasi na mdomo laini ni baraka siku hiyo. Lakini sungura anayekwepa wavu ni dosari ya mtandazaji. Kazi kubwa ya mbwa hufanyika kabla wavu hata mmoja haujatandazwa. Hupita juu ya mashimo, huingiza pua kwenye tundu moja na jingine, kisha huondoka au husimama. Akisimama, mguu mmoja umeinuka, mkia umekakamaa, kichwa kimeinama upande mmoja, huwa ametoa ushahidi: humu mna mtu. Hewa ya chini hupanda ikiwa na joto na harufu, naye hutenganisha harufu ya sungura aliyelala humo leo na ya yule aliyehama juzi. Sikio nalo humsaidia, kwani mbwa husikia sauti nyembamba za zaidi ya hezi 40,000 wakati binadamu huishia kwenye 20,000. Fereti akishaingia, mbwa mzuri hufuata juu ya ardhi kinachotendeka chini yake, akihama taratibu kutoka tundu hadi tundu, bila kukanyaga wavu na bila kutoa sauti, kwa maana sungura anayesikia kelele juu huona ni heri akabiliane na fereti. Na fereti akitoa kichwa, mbwa humtazama kama amtazamavyo mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo sifa zinazotakiwa ni pua, ukimya, subira, mdomo laini, amani na fereti, na mwisho kabisa miguu. Sasa mtazame mbwa anayesifiwa. Waingereza humwita lacha, chotara wa mbwa wa mbio, hasa greihaundi au wipeti, na mbwa wa kazi kama koli au teria. Kwa watu wa fereti mseto wa heshima ni wa wipeti na teria wa Bedlington, mji wa wachimba makaa kaskazini mwa Uingereza. Ni mbwa mwema, sina nia ya kumpunguzia hata nukta. Hata hivyo, damuni mwake imo historia isiyohusu fereti peke yake. Mwaka 1390, chini ya Mfalme Richard II, ilitungwa sheria iliyomkataza mlei yeyote asiye na ardhi ya kumwingizia shilingi 40 kwa mwaka kufuga mbwa wa kuwindia au kutumia fereti na nyavu. Mseto wa mbwa wa mbio na mbwa wa mchungaji ukawa, kwa karne nyingi zilizofuata, chombo cha mtu aliyehitaji kitoweo haraka na kuondoka upesi. Kasi ilikuwa usalama wake. Aliyerudi usiku na sungura wawili alimbariki mbwa aliyewakamata wazi uwandani kabla mlinzi hajaamka. Miguu ilichaguliwa kizazi baada ya kizazi, pua ikaja kama nyongeza ya bahati.

Na nchi yenyewe ililea uchaguzi huo, kwa sababu sungura walikuwa wengi kupita kiasi. Mahali ambapo kila shimo lina wakazi, nani anahitaji shahidi? Weka fereti popote, kitu kitatoka. Hali hiyo ilivunjika mwaka 1953, ugonjwa wa miksomatosi ulipofika kusini-mashariki mwa Uingereza na ndani ya miaka michache ukaua takriban asilimia 99 ya sungura wa porini. Waliobaki walizaa, kinga ikajengeka polepole, wakarudi kwa wingi. Kisha katika miaka ya 1990 ukaingia ugonjwa mwingine wa virusi, unaowavujisha sungura damu ndani kwa ndani, na baadaye aina yake mpya. Hesabu zinazochukuliwa kila mwaka na watu wa kujitolea wanaohesabu ndege, ambao huandika pia wanyama wanaowaona, zinaonyesha kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 sungura wa Uingereza wamepungua kwa zaidi ya nusu. Wamebaki kama visiwa: shamba hili limejaa na mkulima analia, shamba la pili halina hata kinyesi chake. Hata palipo na sungura, mashimo ya zamani ni mengi kuliko wakazi, kama mji uliohamwa.

Katika nchi ya namna hiyo swali la mbwa gani anakamata limepitwa na swali la mbwa gani anajua. Kila fereti anayetumwa kwenye shimo tupu ni nusu saa iliyopotea. Akiingia kwenye mji mkubwa wa mashimo wenye sungura mmoja tu, huenda akamkwamisha pembeni akabaki naye, msasi akachimba hadi jioni. Mbwa mwenye pua ya kweli huondoa hasara hiyo kabla haijatokea, na mbwa mwenye mbio za ajabu hawezi kuiondoa hata kidogo. Naona hii ndiyo sababu ya msingi ya kuwatazama upya mbwa wasiozoeleka. Bigli, spanieli, hata mbwa wa kuokota ndege, wote wamechaguliwa kwa karne nyingi ili wafikirie kwa pua. Damu yao ikitiwa kwa wipeti huongeza kitu ambacho mbwa wa mbio hakuwahi kuulizwa.

Tena neno "wasiozoeleka" linategemea umesimama wapi. Kisiwani Malta kuna mbwa anayeitwa Kelb tal-Fenek, yaani mbwa wa sungura. Jina lake la kwanza ni ndugu wa neno la Kiarabu kalbu, maana Kimalta kinatoka katika ukoo huohuo wa lugha. Huko sungura hujificha katika kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mbwa huwatafuta kwa pua na sikio, na fereti mwenye kengele huingizwa ukutani baada ya nyavu kuwekwa. Uingereza mbwa huyohuyo alipokelewa katika vyama vya maonyesho miaka ya 1970 kwa jina la mbwa wa Farao, akawa pambo la mazulia. Katika Visiwa vya Kanari podenko, mbwa wa sungura wa huko, na fereti wamekuwa washirika wa kila siku, na binamu zake wako Ibiza, Ureno na Sisilia, wote wakazi wa nchi za sungura. Msasi wa Uingereza anayekwenda shambani na podenko haleti mbwa mgeni kwenye kazi. Ni mbwa aliyeizoea kazi hiyo anayeingia katika nchi ngeni.

Ugeni wa nchi si jambo dogo, na hapa wapinzani wana haki ya kusikilizwa. Malta mbwa huweza kubweka penye ukuta kumjulisha bwana wake, na huko si kosa. Kwenye mashimo ya udongo ya Uingereza sauti hiyohiyo humfanya sungura ang'ang'anie chini. Podenko hupenda kufuata harufu hadi mwisho wa upeo, jambo linalofaa kwenye majabali ya visiwani lakini la hatari penye barabara na kondoo wa jirani. Bigli ana pua ya kusifiwa na koo la kengele, na katika mseto huwezi kuamuru pua ibaki na koo liondoke. Ningependa hasa wapenzi wa mbwa wapya wakubali jambo hili bila kujitetea: kila sifa waliyoifuata imekuja na mzigo wake, na mzigo huo nao una historia.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wafugaji wenye uzoefu. Wanasema mseto wa kwanza wa mbegu mbili safi huzaa watoto wanaofanana kwa kiasi, lakini wakizalishwa wao kwa wao kizazi cha pili hutawanyika: mmoja ana miguu ya mama, mwingine pua ya baba, wa tatu ana udhaifu wa wote wawili. Mfumo wa nasaba, wanasema, upo ili kuzuia kamari hiyo. Pingamizi hilo lina ukweli. Ila nasaba iliyofungwa nayo ina bei. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa mbegu 227, ukaonyesha kwamba wastani wa kuzaliana kwa ndugu ndani ya mbegu ni sawa na kuwaoza kaka na dada wa tumbo moja. Na hao wanaoitwa mbegu za kawaida walianza vipi? Wipeti alikuwa chotara wa mbwa wadogo wa mbio na teria, kazi ya wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo, hadi alipoandikwa daftarini mwishoni mwa karne ya 19. Wajerumani walimfupisha dakshundi wao hadi akaweza kuingia katika shimo la sungura, kisha wakampima kwa mzingo wa kifua badala ya urembo wa uso. Mtu aliyethubutu kuwaunganisha wazazi wa wipeti angeitwa mpenda vituko siku yake.

Sayansi ya karibuni inasaidia, mradi isilazimishwe kusema zaidi ya inavyojua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Ulikadiria kwamba mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Watu wa chotara waliushika kama bendera. Lakini mbwa wengi waliochunguzwa walikuwa wa nyumbani, na tabia ziliripotiwa na wenyewe kwa kujaza maswali. Mbwa wa sebuleni hapimwi kuashiria shimo. Mwaka uleule jarida la Cell lilitoa utafiti mwingine, wa vinasaba vya mbwa zaidi ya 4,000, uliopata kwamba koo kubwa za kazi, kama wachungaji, teria na wafuata harufu, zinatofautiana kweli katika mielekeo yao, na kwamba kwa mbwa wachungaji tofauti hiyo inagusa vinasaba vya ukuaji wa ubongo. Nikizisoma pamoja, naona mtoto wa nyoka ni nyoka kwa kiasi fulani: ukoo wa kazi huongeza uwezekano. Jina la mbegu lenyewe haliniambii mengi kuhusu mbwa huyu mmoja aliyesimama mbele yangu. Wala hekaya za ukale hazinisaidii. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2004 uliwakuta mbwa wa Farao na wa Ibiza si masalio ya Misri ya kale kama walivyokuwa wakiuzwa, wakati basenji wa Kongo alionekana kweli kuwa wa tawi la zamani.

Basenji huyo anastahili kusimama kidogo kwenye ukurasa wa Kiswahili, kwa sababu jina lake ni la kwetu na ni la aibu. Ndani yake mna neno shenzi, lile tunalolitupia tusilolithamini. Ni mbwa wa washenzi. Misituni Kongo aliwasukuma wanyama kuelekea nyavu zilizotegwa, akiwa amefungwa njuga ya mti shingoni kwa kuwa habweki kama wengine. Ukimya, pua, jicho, na mazoea ya kufanya kazi na nyavu: mtu akiniandikia sifa hizo bila jina nitadhani anamwelezea mbwa wa msasi wa fereti. Sidai kwamba basenji angefaa mashambani Uingereza. Ni mkaidi na hapendi baridi, na huenda fereti angekuwa hatarini mbele yake. Ninachodai ni kwamba neno koko au shenzi halijapima chochote, sawa na neno safi. Jina hutolewa na anayetazama kwa mbali.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ilishalikabili swali hili la namna ya kumpima mbwa kwa njia iliyo karibu na waswalihina wa pwani yetu kuliko na wafugaji wa Ulaya. Mbwa ni najisi katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani, watu hujilinda na mate yake, na hata hivyo aya ya nne ya Sura Al-Maida inahalalisha windo la wanyama waliofundishwa kuwinda. Wanazuoni waliposhuka kueleza ni mbwa yupi huyo, hawakuuliza kabila lake. Waliuliza: akitumwa huenda? Akiitwa hurudi? Akikamata hujizuia asile, na amefanya hivyo mara kwa mara hadi ijulikane kuwa ndiyo tabia yake? Asiyetimiza hayo, windo alilolifisha haliliki, hata kama ni saluki wa mfalme. Ni kipimo cha mwenendo uliothibitishwa, na sioni kwa nini msasi wa sungura ahitaji kingine.

Mwenendo huo hujengwaje? Kuashiria shimo ni somo linalohitaji ukweli wa mwalimu. Mbwa kijana hunusa tundu, husimama kwa kubahatisha. Fereti huingia, sungura hutoka au hatoki. Baada ya marudio mengi mbwa hujua harufu ipi ililipa na ipi ilidanganya. Sasa fikiria msasi mwenye pupa. Mbwa amepita tundu bila kusimama, yeye anatandaza nyavu kwa sababu shimo linamvutia, fereti anaingia, hatoki kitu. Au mbwa amesimama, naye anamvuta kamba waende kwingine. Mbwa hujifunza upesi kwamba ushahidi wake hauna kazi, akaanza kusimama kila mahali au asisimame popote. Kushindwa huko huandikwa kwenye hesabu ya mbegu: bigli hawafai, podenko hawana akili. Kumbe ni methali ya pili iliyosahauliwa. Vivyo hivyo amani na fereti. Hailetwi na damu. Huletwa na mtoto wa mbwa kulala kando ya kibanda cha fereti, kukwaruzwa pua mara moja, kukaripiwa anapokodoa macho. Wapo ambao hawatafundishika, na mwenye busara hawapi nafasi ya pili. Ila wapo hata miongoni mwa lacha wa nasaba ya kuaminika.

Nina hofu moja kuhusu hoja yangu, nayo si ya kuwindia. Nikisema chotara anafaa, kuna atakayekimbilia kuzalisha. Watoto wanane watazaliwa, wawili watakuwa na pua, sita watatafutiwa makazi yasiyopatikana. Hilo sitalitetea. Mbwa wasiozoeleka tayari wapo, na wanateseka. Kila msimu wa uwindaji ukiisha Hispania, mbwa wa mbio na podenko kwa maelfu hutupwa, na sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2023 nchini humo iliwaacha mbwa wa kuwindia nje ya ulinzi wake. Wengi hupelekwa na waokoaji hadi Uingereza na kuwekwa kwenye nyumba za watu wanaoshangaa kwa nini mbwa huyu mpole hukakamaa kila apitapo ukingo wa shamba. Anachokifanya ni kutoa ushahidi, na hakuna anayeujibu. Kwa mbwa kama huyo, msimu mmoja wa kujaribiwa na msasi mvumilivu hauongezi tumbo hata moja duniani.

Wapo wasemao afadhali kusiwe na mbwa, fereti wala nyavu. Nawaheshimu, lakini naomba waitazame orodha ya njia mbadala. Mkulima aliyepoteza ngano ana gesi ya fosfini ya kufukizia mashimo, ana mitego, ana bunduki. Miksomatosi yenyewe ilisambazwa kwa makusudi na watu waliochukua sungura wagonjwa kuwapeleka mashamba mengine, hadi sheria ya mwaka 1954 ilipolifanya hilo kuwa kosa. Sungura kipofu mwenye macho yaliyovimba akijikokota barabarani ndiye aliyekuwa mavuno ya njia hiyo. Sungura aliye kwenye kiwavu hufishwa kwa mkono mara moja, au huachwa aende akiwa mama anayenyonyesha. Gesi haiwezi kumwacha yeyote. Na mbwa anayejua shimo hupunguza hata usumbufu, kwa kuwa fereti hatumwi pasipo sababu.

Mambo yamegeuka kiasi kwamba katika nyanda za mchanga za Breckland, kuzunguka Thetford ileile ya jengo la mlinzi, wahifadhi sasa wanawawekea sungura marundo ya matawi na kuwachongea kingo za udongo ili warudi. Wamegundua kwamba pasipo meno yao na makucha yao, nyasi hufunika mchanga na mimea adimu pamoja na wadudu wake hutoweka. Huko Iberia alikotoka, sungura ameorodheshwa tangu 2019 kuwa hatarini kutoweka, na simbamangu wa Iberia anayemtegemea amepitia njaa yake. Kwa hiyo yupo mtu anayetaka kujua leo ni mashimo yapi yanakaliwa, si ili ayamalize. Anaweza kuhesabu vinyesi, anaweza kuweka kamera. Anaweza pia kupita na mbwa wa kimya, chotara wa chochote, mwenye kamba kifuani, na kuandika alama kila anaposimama. Fereti, siku hiyo, angebaki nyumbani kwenye majani yake makavu.